Homa ya Mkesha wa Safari

Barabara ya Taifa namba 4 ikitoka Beni, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwenda kaskazini hupita Mbau na Oicha, na baada ya kilomita zipatazo 60 hufika Eringeti. Mbele kidogo ni Luna, mahali mkoa wa Kivu ya Kaskazini unapokwisha na wa Ituri kuanza. Ukizidi kwenda utafika Komanda, ambako njia hugawanyika: kulia Bunia, kushoto Mambasa na msitu mkubwa wa kuelekea Kisangani. Kwa hiyo ni nadra kuikuta familia ya Eringeti yenye ndugu wa upande mmoja tu. Binti ameolewa Komanda, mjomba ana duka Butembo, shangazi yuko Kasindi mpakani, na wengine wako Kasese, ng'ambo ya mpaka wa Uganda. Vita vya miaka mingi vimezidi kuwatawanya watu, hata kijiji kizima unaweza kukikuta kimehamia kwa jamaa zake wa mjini.

Safari ya kwenda kuwaona ndugu hao haiamuliwi kwa siku moja. Nauli huwekwa kidogo kidogo baada ya mauzo ya kakao. Kuku hufungwa miguu, mawese hutiwa kwenye kidumu, unga wa muhogo na maharage hufungwa gunia, kwa maana hakuna aendaye kwa watu mikono mitupu. Watoto hukatwa nywele. Watu huulizana kama njia iko salama wiki hii, na magari yenye kusindikizwa na askari yataondoka lini. Simu imeshapigwa: tunakuja. Huko wanakosubiriwa, mikeka imeshaanikwa juani.

Ndipo usiku wa kuamkia safari mtoto anakataa chakula. Anajikunja pembeni, na mama akimgusa paji la uso anakuta linawaka. Au ni baba mwenyewe, anayesema kichwa kinamgonga kidogo tu, palu (malaria) ya kawaida, kesho itaisha. Nyumba nzima inanyamaza, kwa sababu kila mmoja anajua swali lililopo na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuliuliza.

Sura hii inahusu saa hizo chache, kati ya homa kupanda na gari kuondoka. Ninaamini kwa moyo wangu wote kwamba mtu anayeahirisha safari kwa sababu ya ugonjwa hajavunja ahadi kwa ndugu zake. Amewatendea tendo la kwanza la ugeni mwema. Ninaamini pia kwamba hawezi kulitenda peke yake: wanaomsubiri wana kazi kubwa ya kumsaidia.

Kwa nini tunasafiri tukiwa wagonjwa

Watu wa mashirika ya afya wakiona mgonjwa yuko ndani ya basi huwa wepesi kusema kwamba hana elimu. Neno hilo si la haki. Katika nchi ambayo hospitali hulipisha kabla ya kutibu na serikali iko mbali, ndugu ndiye bima ya mtu. Ndugu ndiye atakayelipa dawa, atakayepika uji, atakayelala sakafuni kando ya kitanda, atakayejua la kufanya mambo yakiharibika. Mtu akihisi mwili umelegea na hajui umelegezwa na nini, moyo wake humvuta kwa mama yake, kwa dada yake, kwa watu wanaojua jina lake. Anakwenda kutafuta uhai.

Eneo hili pia lina historia ndefu ya watu kusafiri ili wapone. Katika miaka ya 1930 daktari mmisionari Mmarekani Carl Becker alianza kazi yake ya utabibu Oicha, na kwa miongo mitatu wagonjwa walimfuata wakitoka mbali, wakiwemo watu wa ukoma waliokuwa wamefukuzwa kwao. Kwa vizazi vingi, basi, kuugua na kushika njia vimekuwa jambo moja.

Kuna pia deni la heshima. Safari nyingi za hapa si matembezi ya starehe. Mtu anaitwa kwa sababu mahari inapokelewa, mzee yuko hoi, au kuna kilio. Asiyefika kwenye kilio huulizwa miaka kumi baadaye alikuwa wapi siku ile. Nauli nayo ikishalipwa, mara nyingi hairudi. Mtu mwenye homa anavipima vyote hivyo: fedha, aibu, huzuni ya wanaomsubiri. Kisha anavipima na mwili wake mwenyewe, na mwili hushindwa. Humeza vidonge viwili vya kutuliza maumivu, hufunga mkanda wa suruali, hupanda gari.

Homa moja, magonjwa mengi

Shida ni kwamba homa haijitambulishi. Malaria huanza kwa joto, baridi, kichwa na viungo kuuma. Homa ya matumbo yaweza kuanza hivyo hivyo. Surua huanza kwa joto, kikohozi, mafua na macho mekundu kabla upele haujaonekana. Ebola nayo, siku zake za kwanza, ni joto, uchovu, maumivu ya misuli, kichwa na koo. Damu ambayo wengi huingojea kama alama ya Ebola huchelewa, na wagonjwa wengi hawaipati kabisa.

Wakazi wa Beni na Butembo walijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Tarehe 1 Agosti 2018 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa Ebola ulioanzia Mangina, magharibi ya Beni. Kabla ya kutangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ugonjwa huo uliwapata watu 3,470 katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na sehemu ndogo ya Kivu ya Kusini, na kuua 2,287. Dunia haikuwahi kuona mlipuko mkubwa wa Ebola kupita huo, ila ule wa Afrika Magharibi wa 2014 hadi 2016. Lakini katika miezi hiyohiyo malaria nayo ilikuwa imepanda. Mwisho wa 2018 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba hadi nusu ya watu waliochunguzwa katika vituo vya Ebola walikutwa na malaria tu. Ndipo mwezi wa Novemba timu za afya zilipopita nyumba kwa nyumba Beni zikigawa dawa za malaria na vyandarua, zikilenga watu 450,000, ili homa zipungue na zile za hatari zionekane mapema.

Tazama lililokuwa likitendeka kabla ya hapo. Mtu ana homa, anaamini ni palu, anakwenda kwenye kijizahanati cha mtaani kinachochanganya sindano na miti shamba. Analazwa kwenye kitanda kimoja na mwingine. Anayeingia na malaria anaweza kutoka na Ebola. Wachunguzi waligundua kwamba vijizahanati vya namna hiyo vilikuwa miongoni mwa njia kubwa za maambukizi Beni, watoto wadogo wakiumia zaidi. Tena kukutwa na malaria hakumwondolei mtu hatari ya ugonjwa mwingine, kwa kuwa mwili mmoja unaweza kubeba yote mawili.

Ndiyo sababu swali la mkesha wa safari lina pande mbili, na ni vizuri kuzitenganisha. Upande wa kwanza ni wa mgonjwa mwenyewe: je, ugonjwa huu unaweza kumzidia njiani? Malaria haiambukizwi kwa kusalimiana wala kwa kula sahani moja, kwa hiyo ikiwa ni malaria peke yake wenyeji hawana la kuogopa. Lakini mtoto wa chini ya miaka mitano anaweza kutoka homa ya kawaida hadi degedege na kupoteza fahamu kwa muda wa siku moja au mbili. Ukiwa katikati ya msitu, gari limesimama kungoja wasindikizaji, hakuna wa kumchoma sindano ya artesuneti, dawa ya malaria kali.

Upande wa pili ni wa wale wanaosubiri: je, tunawapelekea nini? Mtoto wa surua huanza kuambukiza siku nne kabla ya upele kutokea na huendelea siku nne baada yake, na ugonjwa huo hupita hewani. Wengi wamesahau kwamba mwaka 2019, macho yote yakiwa kwenye Ebola, surua iliua zaidi ya watu 6,000 katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wengi wao watoto. Binamu kumi wanaolala kwenye mkeka mmoja usiku wa ugeni ndio nafasi surua inayoitafuta.

Waliopanda gari

Mifano miwili ya mwaka huo wa 2019 inafaa kukumbukwa. Siielezi ili kuwalaumu waliohusika, kwa kuwa kila mmoja wao alikuwa akitenda jambo ambalo nasi tungelitenda.

Mama mmoja Mkongomani aliyeolewa Uganda alivuka mpaka pamoja na watoto wake kwenda kumwuguza baba yake, mchungaji wa kanisa. Mzee akafariki, na ugonjwa ulikuwa Ebola. Katika safari ya kurudi jamaa kadhaa walikuwa tayari na dalili. Wahudumu wa afya wa Kongo waliwatambua na kuwatenga Kasindi, lakini baadhi yao waliondoka kabla ya kuhamishiwa kwenye kituo cha matibabu, wakavuka kuingia wilaya ya Kasese. Mvulana wa miaka mitano alipelekwa hospitali ya Kagando, kisha Bwera. Tarehe 11 Juni ilithibitika ana Ebola, naye akafa. Ndani ya siku chache bibi yake na mdogo wake wa miaka mitatu walimfuata.

Ugonjwa haukuenea Uganda, na si kwa bahati tu. Kabla ya siku hiyo Uganda ilikuwa imewachanja wahudumu wa afya wapatao 4,700, na waliompokea mtoto walijua wanachokitafuta. Familia iliyobaki ilirudishwa Kongo kupata matibabu.

Mwezi uliofuata mchungaji mwingine, aliyekuwa amekuja Butembo kuhubiri na kuwawekea wagonjwa mikono, alianza kuugua. Alitibiwa na muuguzi akiwa amelala nyumbani, kisha akapanda basi kuelekea Goma. Alipita barieri tatu za kupima joto. Wizara ya Afya ilisema baadaye kwamba katika orodha za wasafiri alikuwa akiandikisha majina tofauti. Alifika Goma Jumapili ya tarehe 14 Julai, akaenda kituo cha afya, akatambuliwa siku hiyohiyo. Alifariki muda mfupi baadaye. Dereva na abiria 18 wa basi lile walitafutwa, na chanjo ikaanza kutolewa. Tarehe 17 Julai Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba mlipuko huu ni dharura ya afya ya umma ya kimataifa.

Angalia kwamba hakuna hata mmoja kati ya watu hawa aliyekuwa akienda kumdhuru yeyote. Mama alikwenda kumwuguza baba. Mchungaji alikuwa akirudi. Lakini jambo moja linaonekana katika habari zote mbili, nalo ni kujificha. Mtu anayeondoka kimya kimya kwenye wodi, au anayebadilisha jina barieri, ameshahukumu moyoni kwamba akisema ukweli atapata hasara. Tukitaka watu waseme ukweli, lazima tuiondoe hasara hiyo.

Na hasara ilikuwepo. Desemba 2018 uchaguzi wa Beni na Butembo uliahirishwa kwa kisingizio cha Ebola na usalama wakati nchi nzima inapiga kura, na wengi wakaamini ugonjwa wenyewe ni siasa. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili daktari Mkameruni Richard Mouzoko, aliyekuja kusaidia, aliuawa ndani ya hospitali Butembo. Kwa watu wa Eringeti, woga wa hospitali una kumbukumbu iliyo karibu zaidi: mwezi wa Novemba 2015 waasi wa ADF waliivamia Eringeti na kuua raia ndani ya kituo cha afya. Mwambie mtu wa hapa abaki kitandani apone, naye ana haki ya kukuuliza kama kitanda hicho kiko salama.

Njia nayo haina usalama wa kumpa. Tarehe 1 Septemba 2021 msafara wa magari uliokuwa ukisindikizwa ulishambuliwa Ofaye, karibu na Komanda. Raia waliuawa na wengine wakachukuliwa. Mtu mzima mwenye nguvu anaweza kuruka kutoka garini na kukimbilia msituni. Aliyekonda kwa homa hawezi, wala mama aliyebeba mtoto mwenye degedege. Barabara hii inamtaka msafiri awe na mwili ulio tayari.

Kuahirisha kwa heshima

Basi tufanye nini usiku ule?

Kwanza, tuseme. Homa iliyotajwa mbele ya wote hupata msaada. Mgonjwa apelekwe kituo cha afya kinachojulikana, si kwa mtu wa sindano za mlangoni. Kipimo cha haraka cha malaria huhitaji tone la damu la kidole na robo saa hivi ya kungoja. Ikiwa ni malaria isiyo kali, dawa za siku tatu zimalizwe zote hata kama joto limeshuka siku ya pili. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au anayelala bila kuamshika, hasubiri asubuhi wala safari. Njia yake ni moja tu, hospitali iliyo karibu.

Pili, tuulizane tumetoka wapi. Je, ndani ya wiki tatu zilizopita kuna aliyemwuguza mgonjwa ambaye ugonjwa wake haukujulikana, au aliyeosha maiti, au aliyehudhuria kilio cha kifo cha ghafla? Ebola huchukua kati ya siku 2 na 21 tangu kuambukizwa hadi kuugua, na mtu haambukizi wengine kabla dalili hazijaanza. Siku hiyo ya kwanza ya homa ndiyo mlango. Akibaki alipo na kusema, watakaopaswa kufuatiliwa ni wa nyumba moja. Akipanda gari, wataongezeka abiria wote, wenyeji wote na kila aliyempa mkono njiani.

Tatu, tujue kwamba kuwahi kunaokoa. Mwishoni mwa 2018 na katika 2019, vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina vilifanya utafiti uliolinganisha dawa nne za Ebola. Mbili zilionekana bora wazi wazi, na mojawapo ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola Kikwit mwaka 1995, kazi ambayo Profesa Jean-Jacques Muyembe, mtaalamu wa virusi Mkongomani, alikuwa na mkono ndani yake tangu mwanzo. Kwa waliofika mapema, virusi vikiwa bado vichache mwilini, watu kama tisa kati ya kumi waliotibiwa kwa dawa hizo mbili waliishi. Zaidi ya watu 1,100 waliondoka na uhai wao katika mlipuko ule. Siku mbili za kujikaza ndani ya basi ndizo siku ambazo dawa ingefanya kazi.

Ebola yenyewe ilirudi katika eneo hili mara tatu mwaka 2021 na 2022: Butembo na jirani zake Februari 2021, Beni Oktoba 2021, na Beni tena Agosti 2022. Mara hizo zote ilikamatwa ikiwa bado ndogo, wagonjwa wakiwa kumi na kitu au pungufu. Ni ushahidi kwamba watu wa hapa wamejifunza, na kwamba jambo hili linawezekana.

Sasa nageukia mwenyeji, kwa kuwa naona vitabu vya afya humsahau. Sisi tunaosubiri ndio tunaoamua kama mgeni atasema kweli au atajificha. Simu ikilia na mtu akasema, "Shangazi, mutoto iko na homa tangu jana, tumemupeleka kwa kituo, tutakuja akipona," jibu letu ndilo linalofunga au kufungua mlango. Tukinuna, tukisema tulikwisha kuchinja, tukitaja jinsi fulani alivyokuja hata akiwa amevunjika mguu, tumemfundisha kwamba safari ijayo anyamaze. Lakini tukisema, "Asante sana kwa kutuambia, mwanangu. Mubaki, mumutunze mutoto. Siku yoyote mutakuja tutafurahi," tumemwondolea mzigo uliokuwa ukimsukuma garini.

Na maneno hayatoshi. Ndugu wa Butembo wanaweza kutuma kwa simu fedha ile ambayo ingetumika kwa karamu, ilipe vipimo. Mkuu wa familia anaweza kusema waziwazi kwenye kikao kwamba aliyekosa kilio kwa sababu ya homa hahesabiwi ameikosea familia, na kwamba atapangiwa siku yake ya kuja kulia kaburini. Kanisa linaweza kutangaza jambo hilo Jumapili, kwa kuwa watu wa hapa huliamini kanisa kuliko kipaza sauti cha gari. Wenye magari wanaweza kukubali tiketi ya mgonjwa itumike wiki nyingine. Kila mmoja wao ataona ni jambo dogo, na yote kwa pamoja ndiyo yanayomwezesha baba wa Eringeti kushusha magunia kutoka kwenye gari bila kuona haya.

Hekima hii si mpya. Katika karne ya saba Khalifa Umar, kiongozi wa Waislamu, alikuwa njiani kwenda Sham (Siria), akafika mahali paitwapo Sargh, akaambiwa kuna tauni mbele. Alishauriana na watu, wengine wakimtaka aendelee, mwisho akageuza msafara wote na kurudi Madina. Mtu mwenye mamlaka kuliko wote alionyesha kwamba kugeuza safari ni uongozi.

Familia iliyofanya hivyo usiku wa leo ina haki ya heshima hiyohiyo. Wamepoteza nauli, kuku wamerudishwa bandani, watoto wamelia. Lakini huko Komanda au Kasese kuna bibi ambaye hatauguza homa isiyo yake, na kuna mtoto ambaye ataamka mzima kesho. Ndugu zao wakijua hivyo, na wakiwaambia hivyo, safari itafanyika wiki zijazo, na hakuna atakayelazimika kujificha ili aifanye.